Maji ya Kumwoshea Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mgahawa mmoja wa Gisimenti na wenzangu wa kazini, tunamuaga mwenzetu aliyestaafu, nikaingia chooni kunawa mikono. Bomba lilikuwa wazi. Mtu alikuwa amenawa, akaondoka, akaliacha linatiririka. Ndani ya beseni walikuwa wametupa vile vidonge vyeupe vya kuondoa harufu, ambavyo vyenyewe vina harufu inayokaribiana na ya kafuri. Nikafunga bomba. Kisha, nikiwa na shahada zangu mbili na miwani ya kusomea shingoni, nikageuka nyuma kwa hofu kuangalia nani anakuja kunipiga.

Alikuja mhudumu tu, binti wa miaka ishirini hivi, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, ni harufu tu. Akasema, "Pole mama, tutaongeza vidonge." Akaongeza.

Wa rika langu watanielewa. Wadogo zetu hawatanielewa, na sina kinyongo nao. Mimi mwenyewe sasa naishi Gahanga kwenye nyumba yenye tangi juu ya paa na mifereji ya kukinga mvua, na nalalamika bomba la maji ya moto likichelewa kupata moto. Siku hizi kuokoa maji ni jambo la mabango yenye tone linalotabasamu. Kwetu Biryogo lilikuwa jambo la makofi.

Tuliishi katika kipangu cha bibi yangu mzaa baba: vyumba sita ndani ya ukuta mmoja, ua wa udongo katikati, choo kimoja, na bomba lililotoa maji siku lilipojisikia. Viwili vilikuwa vyetu, kimoja cha Bibi, cha mbele kilichotazama barabara kilikuwa cha cherehani ya Baba, na viwili vya nyuma vilipangishwa. Katika kipangu kile maji hayakumwagwa. Yalistaafu, na kabla ya kustaafu yalifanya kazi nne. Maji ya kuoshea mchele yalisuuza sufuria, ya sufuria yalipigia deki, ya deki yaliingia chooni. Bibi alitawadha kwa bilauri moja, amekaa juu ya kigoda, miguu ndani ya beseni, na yaliyobaki kwenye beseni yalipelekwa kwenye mchaichai. Mimi nilipojaribu kumuiga, bilauri iliisha nikiwa kwenye viwiko. Niliswali na miguu yenye vumbi na dhamiri mbaya.

Aliyemwaga, alilipia kwa ngozi. Mama alifinya, tena sehemu ya ndani ya mkono, ambako alama haionekani shuleni. Baba alikuwa na mpira. Ulikuwa mpira wa kumwagilia maua, wa kijani, wenye kichwa cha shaba upande mmoja, ulioning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Babu aliununua enzi ambazo bomba lilikuwa na nguvu. Mimi sikuwahi kuona tone moja likitoka ndani yake. "Leta mpira," Baba alisema, na aliyetumwa kuuleta ndiye aliyekuwa anakwenda kupigwa. Miaka mingi baadaye nilimwona mlinzi wa hoteli akimwagilia maua kwa mpira, na kwa nusu sekunde nilijiuliza maua yale yamekosa nini.

Msidhani Baba alikuwa mnyama. Alikuwa fundi mzuri, mwenye vidole vya kushona kola ya kanzu bila kasoro, na mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Kwenye bomba la mtaa, wiki ya ukame, niliwaona wanawake waliokuwa wamekaa pamoja harusini Jumapili wakipigana Jumatatu kwa majerikani. Jerikani tupu ikimpiga mtu hutoa kelele nyingi na maumivu kidogo. Iliyojaa haitoi kelele. Nilijua tofauti hiyo kabla ya kujua kusoma saa.

Sasa, jerikani ya Bibi. Nilipokuwa na miaka minane, dada yake Bibi alifariki katika wiki ambayo mabomba yote yalikauka. Walitafuta maji ya kumwoshea mpaka kule bondeni wakakosa, na mwishowe wakampitishia udongo mikononi na usoni, kama sheria inavyoruhusu, wakamzika. Bibi alirudi kutoka huko. Siku ya pili alimtuma Baba akanunue jerikani mpya ya njano. Akaijaza, akafunga kipande cha kafuri ndani ya kitambaa, akakining'iniza kwenye mpini wa jerikani, akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake.

"Hiyo ni ya nani, Bibi?" nilimuuliza.

"Yangu."

"Ya kunywa?"

"Ya kunioshea."

"Si unaoga kila siku?"

"Ya siku nitakayoshindwa kuoga mwenyewe."

Baba alijaribu kumtuliza. "Mama, maji yakikosekana udongo unatosha. Dini haina uzito."

"Udongo nitaupata wa kutosha baadaye, Isa," Bibi alisema. "Kwanza nataka maji."

Kila Ijumaa asubuhi Baba aliyabadilisha. Ya zamani yalifulia nguo, maana hata maji ya kifo hayakuruhusiwa kulala bure, na mapya yakaingia. Hata wiki za kugombana bombani, hata tulipokunywa chai ya nusu kikombe, jerikani ile ilijaa. Hakuna aliyeigusa. Mimi nilikwenda kuinusa tu.

Miezi michache baadaye miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Alianza kuswali amekaa, kisha akaacha kutoka uani, kisha akaanza kulala mchana. Mimi nilikaa nikafikiri. Jerikani ilikuja kwanza, ugonjwa ukafuata. Inajazwa Ijumaa, na Jumamosi Bibi anaamka vibaya zaidi. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu wa kwanza maishani, na kama tafiti zangu nyingi zilizofuata, hitimisho lilitangulia ushahidi. Kifo nilikifikiria kama mgeni mwenye adabu za kwetu, asiyeingia nyumba ya watu mpaka ajue kuna maji ya kunawa. Na sisi tulikuwa tumemwekea lita ishirini, na manukato juu.

Basi nikaanza kuyapunguza. Kila siku nikitoka shule, Bibi amelala, nilichota kwa kikombe cha bati, vikombe kumi, wakati mwingine zaidi. Sikuweza kumwaga uani, Mama angeona. Kwenye mchaichai Bibi angejua kwa harufu. Nilimwaga nyuma kabisa, kwenye udongo laini mbele ya mlango wa mpangaji wetu Faustini, ambaye mchana hakuwepo.

Faustini alikuwa muuza maji. Alikuwa na baiskeli aliyoifunga vyuma pembeni, akapakia majerikani sita kwa mara moja, akayapandisha kutoka bondeni mpaka kwa wenye vibanda vya chakula. Alikuwa Mkristo wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono iliyokakamaa kama kamba, na Kiswahili chake alikiokota Biryogo, hakuzaliwa nacho. Mimi aliniita "gakecuru", yaani kibibi kizee, kwa sababu nilitembea na mikono mgongoni kama Bibi. Jioni nyingine aliinamisha jerikani yake akaniruhusu ninywe moja kwa moja kwenye mdomo wa jerikani, kitu ambacho nyumbani kingeniletea mpira.

Ijumaa ikafika. Baba aliikamata jerikani kwa mkono mmoja kama mtu anayeinua lita ishirini, na ikaja na uzito wa lita nne. Alirudi nyuma hatua mbili akagonga kabati. Mama, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa pua. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomvunja mtu mkono. Lakini hiyo ni njia yangu ya kumtafuta mwingine wa kulaumu, na mimi nina kipaji hicho.

Baba alizunguka ua akitazama chini. Akafika nyuma, akaona udongo mbichi. Wakati huo huo Faustini akaingia langoni akisukuma baiskeli, majerikani mawili bado yamejaa.

"Faustini, hapa mlangoni kwako pamelowa nini?"

"Sijui, Fundi. Labda imbwa."

"Mbwa wa lita kumi na sita."

"Maji iko ya nani?"

"Ya mama yangu, ya kuoshwa. Umemuuzia nani? Mama yupi leo anapika wali kwa maji ya mama yangu?"

Majirani walikuwa wameshaanza kuchungulia langoni. Faustini aliegemeza baiskeli ukutani, taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ng'ombe. "Fundi, mimi nauzaga maji, siibaga. Kila siku nashuka kule mara nane. Jerikani moja ya mgonjwa nitafanya nayo nini?"

"Utaiuza bila kushuka."

Watu wa langoni wakacheka. Wakishacheka, hakuna tena hoja itakayosikika. Nimelishuhudia hilo baadaye hata katika vikao vya wasomi. Baba akageuka, akaniona nimesimama mlango wa jikoni na kikombe changu cha bati mkononi.

"Leta mpira," akaniambia.

Nikadhani zamu yangu imefika. Kisha nikaelewa kwamba kwa mara ya kwanza aliyetumwa siye atakayepigwa, na nilichokihisi, niseme ukweli, kilikuwa furaha. Nikakimbia. Nikauleta nimeukunja vizuri, nikampa upande usio na shaba ili ashike vizuri.

Pigo la kwanza lilimshika Faustini shingoni. Hakupiga kelele, aliinama akamwingia Baba kwa kichwa, na jino la mbele la Baba likatoka pale pale. Nililiona likianguka kwenye vumbi, dogo kuliko nilivyotarajia. Hapo ndipo waliokuwa langoni walipoingia. Mwizi, mtu alisema, na neno hilo likishasemwa kila mwenye mguu huwa na kazi. Walimpiga mateke ya mbavu na mgongo. Mmoja aliirukia baiskeli mpaka gurudumu likakunjika, na majerikani yakaanguka, vifuniko vikatoka. Lita arobaini zikatiririka uani kote, zikapita chini ya miguu ya watu, zikachanganyika na damu ya pua ya Faustini, zikaenda mpaka kwenye mchaichai. Ulikuwa umwagaji mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona katika kipangu kile, na hakuna hata mtu mmoja aliyeyatazama.

Faustini aliinua mkono wa kulia kujikinga uso. Kichwa cha shaba kikamkuta kwenye kifundo. Mlio wake ulikuwa kama wa kijiti cha kuwashia jiko kikivunjika.

Wakaacha. Watu huacha wakisikia mlio huo. Faustini alikaa chini ameegemea ukuta, akaushikilia mkono kwa mkono, akatema damu iliyomjaa mdomoni. Kisha akanitazama mimi, si Baba.

"Gakecuru," akasema, "niletee maji."

Nilikuwa na kikombe. Hatua tano nyuma yangu kulikuwa na lita nne za Bibi, na jikoni kulikuwa na mtungi. Nilisimama. Niliona kwamba nikisogea tu, nikichota tu, watu wote wataona jinsi mkono wangu unavyojua kuchota. Sikumletea. Mama ndiye aliyemletea, mwishowe, akiwa amefumba midomo, na Faustini akasukutua, akainuka. Saa hiyo hiyo alifunga nguo zake ndani ya shuka, akaufunga mkono kwa kitenge, akaondoka kwenda kwa dada yake Gahanga, akiisukuma kwa kushoto baiskeli iliyokunjika.

Bibi hakuuliza kelele zile zilikuwa za nini. Wiki nzima hakusema na mtu ila kuitikia salamu. Baba, sasa na pengo lililomfanya apige mluzi akitamka jina lake mwenyewe, aliijaza jerikani, akaihamishia chumba cha cherehani, chini ya meza ya kukatia.

Na Bibi akazidi kuvimba. Mtu mwenye akili angetulia. Mimi niliona kila kitu kimethibitika: siku zile jerikani ilipopungua Bibi aliamka vizuri, aliomba uji, imejaa tena, hali chakula. Kuhusu Faustini sikufikiri. Huo ndio ukweli, ingawa kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilimlilia. Niliwaza kwamba ameondoka, na kwa hiyo hawezi kulaumiwa tena, na kwa hiyo sasa ni salama kumwaga.

Jumanne moja Baba alitoka kwenda kununua nyuzi. Niliingia nikajaribu kuibeba jerikani, haikusogea. Nikafungua kifuniko nikailaza. Maji yalitoka kwa kukoroma, yakasambaa chini ya meza, yakalifikia jamvi ambalo Baba alikuwa ametandaza juu yake kitambaa cheupe cha kanzu ya bwana harusi. Nilikaa juu ya jerikani ili yaishe haraka. Ndivyo alivyonikuta, nimekaa juu yake kama kuku anayeatamia, maji yamefika mlangoni yakigusa viatu vyake.

Hakuniambia nilete. Alikwenda kuuchukua mwenyewe.

Pigo la kwanza lilinichana mgongo, na la pili lilinishika mguuni nikaanguka ndani ya maji. La tatu sikulisikia vizuri, kwa sababu kabla yake nilisikia sauti ya Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, amejishikilia ukutani, mwanamke ambaye kwa mwezi mzima alikuwa hajavuka ua.

"Isa, mwache."

"Amemwaga maji yako, Mama."

"Naona. Na yale ya kwanza alimwaga yeye. Nilimwona."

Baba alibaki ameuinua mpira. Maji yalidondoka kutoka kwenye kichwa cha shaba.

"Ulimwona."

"Kikombe kwa kikombe. Nilijifanya nimelala, nikadhani anacheza."

"Ukaniacha nimvunje mtu mkono."

"Ningesema, ungemvunja huyu." Bibi alivuta pumzi. "Yule ana mifupa ya mtu mzima. Huyu ni wangu."

Nimesikia mijadala mingi kuhusu haki, mingine nimeichangia, kwa tanbihi. Sijasikia inayoeleza vizuri zaidi jinsi dunia inavyokwenda kuliko maneno yale ya mwanamke aliyenipenda.

Baba aliuweka mpira chini. Bibi akaniuliza kwa nini, nami nikamweleza mambo yote: mgeni, maji ya kunawa, Ijumaa na Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi polepole juu ya kiti cha cherehani. Sikujua kama anacheka au anakosa pumzi.

"Nenda ukamwombe radhi mtu huyo," alimwambia Baba. "Na maji ya kunioshea yatoke mkononi mwake. Akikataa, mnizike na uchafu wangu."

Kesho yake asubuhi Baba alinichukua. Alibeba jerikani tupu, na ndani ya gunia la sukari alitia mpira, nikauona. Tulipanda basi mpaka lilipoishia, tukaendelea kwa miguu. Gahanga wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na viazi. Nadhani nyumba yangu ya sasa imekaa juu ya viazi vya mtu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa: mkono wa Faustini umeharibika, kwa hiyo napelekwa mimi niwe mkono wake, na mpira ni wa kunifundishia kazi. Nililia kimya kimya na nikaanza kuhesabu mambo ninayoyajua. Kuchota nilikuwa najua.

Faustini alikuwa amekaa nje ya nyumba ya dada yake, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, kiazi amekibana kwa magoti. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mbao. Dada yake, mwanamke mrefu mwenye jembe, alitoka shambani alipotuona.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza. "Amenyooka vizuri na shati lake. Leo atarudi na meno pungufu zaidi."

"Mwache aseme," Faustini akamwambia.

Baba alisimama. Akajaribu kuanza kwa salamu, ikakwama. "Hukuwa wewe," akasema. "Alikuwa huyu mtoto. Nimejua jana."

"Mimi nilijua siku ile ile," Faustini akajibu.

Baba aliutoa mpira kwenye gunia, akaulaza miguuni pa Faustini. Akavua kofia yake ya kiua, akanipa niishike, akapiga magoti pale kwenye maganda ya viazi. "Nipige mbele yake. Kama nilivyokupiga mbele yake."

Faustini aliutazama mpira, akautazama mkono wake. "Fundi, mkono wangu wa kupigia ndiyo huu."

"Wangu ni mzima," alisema dada yake.

Aliokota mpira akampiga Baba. Alipiga kama anavyolima, bila haraka, akiinua mpaka juu. Shati la Baba lilipasuka begani, damu ikaja, na Baba hakuinua mkono kujikinga. Alikuwa amekunja ngumi na kuzikandamiza mapajani. Nilihesabu hadi sita. Nilitaka kusema ni mimi, nipigwe mimi, na maneno hayo niliyaona yamekaa tayari mdomoni, mazuri, yamenyooka. Nilishika kofia.

"Inatosha, dada," Faustini akasema. "Utaupasua mpira."

Mwanamke alisimama, akihema. Faustini akauchukua kutoka mkononi mwake, akaugeuza, akachungulia ndani ya kichwa cha shaba kwa jicho moja.

"Huu bado unapitisha maji?"

"Sijui," Baba akasema akiwa bado magotini. "Miaka mingi haujapitisha."

"Kule chini kuna chemchemi, imetiwa bomba fupi. Ukiwa na mikono miwili unashikilia jerikani pale chini, nusu inaingia, nusu inamwagika. Ukiwa na mmoja," alisema, "yote inamwagika." Kisha akanigeukia. "Wewe gakecuru. Kwa nini uliyamwaga?"

Nilimwambia. Hakucheka.

"Mimi nimepeleka maji kwa watu miaka mingapi," akasema. "Hakuna mtu alikufa sababu nilimletea. Na hakuna mtu alipona sababu nilichelewa. Ungeniuliza."

Tulishuka sote bondeni. Faustini alibana mpira chini ya kwapa, akausukuma kwenye bomba kwa mkono wa kushoto, na Baba akasogea kusaidia kukaza, akaambiwa aache. Mwanzoni haukutoa kitu. Kisha ukakohoa, ukatema vumbi jekundu, kombamwiko mkavu, uchafu mweusi, na baada ya hapo maji. Yalitoka membamba na safi, yakaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa jerikani. Halikudondoka hata tone. Nilikuwa nimeujua mpira ule maisha yangu yote, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona ukifanya kazi yake.

"Mpelekee mama mzee," Faustini akasema ilipojaa. "Mpira unabaki."

"Unabaki," Baba akasema.

Hakuna aliyesema neno samahani wala neno nimesamehe. Baba aliibeba jerikani kwenye bega lililochanika mpaka barabarani, nami nikatembea nyuma yake nikiangalia kifuniko.

Bibi aliishi wiki tatu zaidi. Alikataza maji yale yabadilishwe Ijumaa. Alifariki asubuhi moja mabomba yakiwa makavu, kama alivyohofia, na wanawake waliomwosha walitumia nusu ya jerikani tu. Walikuwa wanafunzi wake katika jambo hilo.

Kwetu, watu wakitoka makaburini hurudi nyumbani kwa marehemu kunawa mikono, Waislamu na Wakristo, desturi ya nchi nzima. Maji ya kunawia hayakuwepo ila ile nusu iliyobaki. Mama alinikabidhi kikombe changu cha bati, akaniweka langoni karibu na jerikani, akaniambia kila mtu robo kikombe. Nikawamiminia. Walipita waliompiga Faustini, mmoja mmoja, wakanyoosha mikono yao, nikaimiminia.

Wa mwisho alikuwa yeye. Alikuwa ametembea kutoka Gahanga na viatu vimejaa vumbi. Mbao alikuwa ameshazitoa. Alisimama mbele yangu, Baba akainama kutazama chini.

"Gakecuru," akasema, "niletee maji."

Nilichota kikombe kizima, si robo. Mkono wake wa kushoto ulifunguka. Wa kulia ulibaki umejikunja nusu, vidole vimeshikamana kama vinashikilia kamba isiyoonekana, na maji yalikaa ndani yake kidogo kabla ya kupita. Akanawa taratibu. Kikiwa kimefika nusu alinizuia.

"Inatosha," akasema, akaingia ndani kutoa pole.

Nilibaki na nusu kikombe. Nikautazama ua, mchaichai, ule mlango wa nyuma. Kila mahali palikuwa mahali pa kumwaga, na sikuweza. Yalinuka kafuri kwa mbali. Nikayanywa.